Shimo la murram likikaribia kwisha: shamba, bwawa, miti, au kujaza?

Mwezi wa pili, kabla mvua ya masika haijaanza, mama mmoja wa kati ya Luanda na Yala aliniita nikaangalie shimo lake la murram, ile changarawe nyekundu ya barabarani. Liko hatua chache kutoka barabara ya Kisumu kwenda Busia. Lina ukubwa wa karibu nusu ekari, kina cha mita nne, na murram iliyobaki ni ya kuchimbwa miezi miwili au mitatu hivi. Tulisimama ukingoni, yeye ameshika mkono wa mjukuu wake asisogee mbele.

"Mwanangu," akaniambia, "hawa wa malori wakimaliza wanaenda zao. Mimi nabaki na hili. Nipande majani ya ng'ombe, nifuge samaki, niweke miti, au niwaache watu wajaze kidogo kidogo?"

Nimeendesha tingatinga na eskaveta kwenye mashimo ya namna hii kwa miaka mingi, kuanzia Kisian hadi Ugunja, kisha upande wa Rongai na Njoro kule Nakuru. Swali la mama ni zuri, na zaidi ya hapo, aliuliza mapema. Wengi huuliza mashine ikishapandishwa kwenye trela. Wakati huo njia nyingi zimeshafungwa, kwa sababu vitu vya kufungia shimo vimo ndani ya shimo lenyewe: udongo mweusi uliokwanguliwa siku ya kwanza, na murram ya ukuta wa mwisho. Ukishauza hiki na kufukia kile, utavinunua tena lori kwa lori.

Ndiyo maana kabla sijazilinganisha zile njia nne za mama, nalinganisha kwanza namna mbili za kumaliza kuchimba. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea.

Kuchimba hadi mpakani, au kuacha nafasi

Ukuta wa shimo la murram husimama wima kama ukuta wa nyumba. Ng'ombe akipotea usiku anaanguka. Mvua ikinyesha, vipande vinameguka, na shamba la juu linarudi nyuma kila mwaka. Ili majani yashike na mtu apande na kushuka bila hofu, ukuta huo lazima ulazwe uwe mteremko. Kipimo ninachokifuata ni hiki: kwa kila mita moja ya kwenda juu, mita tatu za kwenda mbele. Panapokaa miti peke yake, mbili kwa moja hustahimili. Pa kulisha mifugo au kushika jembe, usikubali chini ya tatu.

Sasa tupige hesabu ya ukuta wa mita nne. Ukiwa umeacha mita sita bila kuchimbwa kati ya ukuta na mpaka wako, tingatinga hukata ile pembe ya juu na kuisukuma chini. Kinachokatwa juu ndicho kinachojaza chini. Kwa kila mita moja ya urefu wa ukuta, unasukuma mita sita za ujazo, basi. Lakini ukiwa umechimba hadi kwenye ua wa jirani, huna ruhusa ya kukata hata shubiri moja. Mteremko mzima utajengwa kwa kifusi cha kuletwa, na kila mita ya ukuta inameza mita 24 za ujazo. Upande mmoja wa shimo la mama una mita 45. Kwa njia ya kwanza ni mita za ujazo 270 za kusukuma papo hapo. Kwa njia ya pili ni 1,080 za kusomba, yaani lori 108 zinazobeba mita kumi kumi. Hapo ni upande mmoja tu.

Mwenye shamba ataniuliza: na ile murram ya mita sita niliyoiacha, si ni pesa yangu? Ni pesa yake, kweli. Zidisha mita sita kwa nne kwa 45, unapata 1,080. Lori 108 zilezile. Anauza lori 108, kisha anatakiwa kununua lori 108. Bei anayolipwa akiwa amesimama shimoni ni sehemu ndogo ya bei ya lori lililopakiwa, likasafiri, likamwaga mlangoni kwake. Kila anayechimba hadi mpakani amejiuzia hasara, ila hasara hiyo haionekani mpaka miezi iishe.

Ipo njia ninayoipenda kuliko zote mbili, kama eskaveta bado ipo na opareta ni mtu wa mkono mtulivu. Usichimbe ukuta wima kabisa. Anzia mpakani, chimba ukishuka kwa mteremko wa tatu kwa moja hadi sakafuni, na murram unayoitoa pakia uuze. Piga hesabu utaona kiasi unachouza ni kilekile ambacho ungeuza kwa kuacha mita sita: mita 24 za ujazo kwa kila mita ya ukuta. Tofauti ni kwamba hulipii tena saa za tingatinga, na mteremko unaobaki ni ardhi asilia iliyoshikana, si kifusi kilichomwagwa ambacho mvua ya kwanza itakichana mitaro.

Udongo mweusi nao una hesabu yake. Kuufunika nusu ekari kwa sentimita 15 kunahitaji kama mita 300 za ujazo, lori 30. Mkandarasi mmoja niliyemfanyia kazi aliniamuru niusukume kwenye kona na kumwaga mawe mabovu juu yake, kwa sababu ulikuwa njiani pa malori. Nilifanya hivyo. Miaka miwili baadaye nilipita pale nikaona sakafu nyekundu, tupu, haijaota hata kwekwe, na nilijua vizuri udongo uko wapi na kwa nini hakuna atakayeufukua. Tangu siku ile, kitu cha kwanza ninachouliza nikifika shimoni ni rundo la udongo mweusi liko wapi. Lisizidi mita mbili kwenda juu, lisikae kwenye njia ya maji, na lioteshwe majani au kunde ili libaki hai. Rundo refu linakufa ndani. Ukilichota unakuta udongo wenye harufu ya kuvunda.

Maji yana mlango wa kutokea?

Yapo mashimo ya aina mbili, na tofauti yake inaamua mengi. Shimo lililochimbwa ubavuni mwa kilima lina upande mmoja ulio wazi: maji yanaingia juu, yanatoka chini. Shimo lililochimbwa kwenye tambarare ni sufuria. Maji yakiingia, yatatoka kwa kunywewa na ardhi au kukaushwa na jua, basi.

La ubavuni unaweza kuliwekea chochote isipokuwa bwawa. La tambarare linakupa bwawa hata usipolitaka, angalau kwa miezi ya mvua. Kabla ya kuchagua, fanya jaribio hili lisilo na gharama. Chimba kishimo cha kina cha goti kwenye sakafu. Kijaze maji jioni na kukiacha kilowe. Asubuhi kijaze tena, choma kijiti pembeni kikionyesha usawa wa maji, funika kwa mabati, urudi kesho yake. Jua la kwetu hukausha milimita chache tu kwa siku. Maji yakishuka zaidi ya upana wa kiganja, ujue kupungua huko si kwa sababu ya jua. Ni ardhi inayokunywa. Na ukichimba kishimo ukakuta maji yanachuruzika yenyewe kutoka chini, hapo umefika kwenye maji ya ardhini, na hilo ni jambo jingine tena.

Tulikichimba kishimo cha mama siku ileile, yeye mwenyewe akamimina ndoo nne. Nitarudi kwake.

Bwawa la samaki

Hili ndilo watu wa ukanda wa ziwa hulitaja kwanza, na naelewa. Samaki analiwa kila nyumba, na shimo linaonekana kama kazi ya kuchimba imeshafanyika. Haijafanyika. Bwawa zuri la ngege (tilapia) lina kina cha karibu mita moja, si nne. Maji marefu huwa baridi chini na hewa haifiki, na huwezi kulivuta wavu. Tena murram huvuja, kwa hiyo itabidi utandaze udongo wa mfinyanzi na kuushindilia, au ununue karatasi nzito ya plastiki. Kwa nusu ekari nzima, karatasi hiyo itakula pesa zote za murram ulizouza.

Mpango wa serikali wa mwaka 2009 wa kuinua ufugaji wa samaki ulichimba mabwawa ya mita za mraba 300 kila moja, na la ukubwa huo hupandwa vifaranga kama 1,000 vya ngege. Kipimo hicho ni cha busara hata leo. Mtu mwenye shimo la nusu ekari asiwaze bwawa la nusu ekari. Awaze bwawa moja la mita 300 kwenye kona ya chini, na sehemu iliyobaki aifanyie kitu kingine. Mabwawa mengi ya mpango ule ninayoyapita njiani leo ni majani matupu, na sababu inajulikana kijijini: chakula cha samaki kilipanda bei, na maji yalikosekana kiangazi. Chanzo cha maji cha mwaka mzima kisipokuwepo, usianze.

Kuna jambo la afya ambalo nataka lieleweke vizuri, kwa sababu huku kwetu malaria haiondoki msimu wowote. Mbu wanaoieneza si wa aina moja. Anopheles gambiae hupenda vidimbwi vidogo vya juani visivyo na majani: alama ya tairi la lori, kishimo cha kwato, sakafu ya shimo iliyoachwa na mabonde mabonde. Anopheles funestus hupenda maji ya kudumu yenye majani kandokando. Maana yake shimo lililotelekezwa linamlisha wa kwanza, na bwawa lililotelekezwa linamlisha wa pili. Bwawa linalotunzwa, lenye ngege wanaokula viluwiluwi vya mbu na kingo zilizofyekwa, ni salama kuliko yote mawili. Kingo zenye majani pia ndiko wanakokaa konokono wa kichocho, na watoto ndio wa kwanza kuingia majini.

Watoto. Ukichagua bwawa, upande mmoja uwe mlalo ili mtoto anayeteleza aweze kutoka kwa magoti yake, na pawe na ua. Kuta za wima zenye maji chini yake zimechukua wengi. Sitalinganisha hilo na faida yoyote.

Majani ya mifugo na mazao

Kwa mashimo mengi ya huku magharibi hii ndiyo njia ninayoishauri, ingawa haina mvuto wa samaki. Ina sharti moja ambalo likisahauliwa yote yanaharibika: sakafu ipasuliwe kabla udongo mweusi haujarudishwa.

Murram yetu ni ya jamii ya ule udongo mwekundu wenye chuma unaoitwa lateraiti. Jina hilo lilitolewa mwaka 1807 na Francis Buchanan, daktari Mskoti aliyekuwa akizunguka kusini mwa India, kutoka neno la Kilatini la tofali. Aliona wenyeji wakiukata ukiwa laini na kuuanika hadi ukawa mgumu wa kujengea. Hicho ndicho kinachotokea kwenye sakafu ya shimo lako: imefunuliwa, imekaushwa na jua, na malori yameikanyaga kwa miezi. Ukimwaga udongo mweusi juu yake bila kuipasua, mizizi inashuka sentimita 15 na kugonga sakafu. Mvua ikija mmea unazama. Jua likija mmea unakauka. Jino la nyuma la tingatinga lipite kwa kina cha nusu mita, mistari iende kukata mteremko, si kushuka nao. Hiyo ni kazi ya nusu siku kama mashine bado ipo. Mashine ikiondoka, ni kazi ya sururu ya mwezi mzima.

Baada ya hapo, mwaka wa kwanza usiupe mahindi. Wape kunde, njahi, au viazi vitamu ambavyo vinafunika ardhi upesi, na kando ya mteremko panda mabingobingo kwa mistari inayofuata usawa wa ardhi. Mwaga samadi. Kata yale maua ya njano yaotayo kando ya kila barabara kuanzia Maseno hadi Bungoma, ambayo Waluo huyaita maua makech kwa uchungu wake, ukayalaze kama mbolea ya kijani. Majani yake yanaoza haraka na yana rutuba nyingi, na hayauzwi dukani. Mwaka wa pili mabingobingo yatakuwa yanakatwa kila baada ya wiki sita hadi nane wakati wa mvua, na ng'ombe mmoja wa maziwa atakuwa ameanza kulipa saa za tingatinga.

Udhaifu wa njia hii ni maji. Shimo la sufuria lisilonywa maji litaigeuza sakafu kuwa kinamasi kila mwezi wa nne. Hapo chimba mtaro wa kukusanya kwenye kona, au hamia kwenye mchanganyiko: bwawa dogo kona ya chini, majani kwingine kote.

Miti

Miti inahitaji kazi ndogo kuliko yote, na inakubali mteremko mkali kuliko yote. Kama tayari umechimba hadi mpakani na huna uwezo wa kujaza hata nusu, miti ndiyo itakayokuokoa. Inalipa polepole: kuni na vijiti vya maharagwe kwanza, nguzo baadaye.

Pwani kuna mfano unaojulikana. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya chokaa ya Bamburi, Mombasa, mahali palipokuwa mwamba mtupu. Kati ya aina 26 alizojaribu, tatu tu zilistahimili, na mvinje ndio uliobeba kazi. Leo pale ni msitu na bustani ya wanyama, Haller Park. Mwamba wa Pwani si murram ya Yala, na sitaki mtu aige orodha ya miti ya kule. Ninachokichukua ni namna yake: alijaribu aina nyingi kidogo kidogo, akaangalia ipi inaishi, kisha akapanda kwa wingi ile iliyoishi, na mvinje hujitengenezea naitrojeni mizizini hata penye ardhi maskini.

Kwa huku kwetu ningejaribu mvinje na kaliandra kwenye mteremko, mgrevilea sehemu yenye udongo mzuri kidogo, na siala, ambao Waluhya huuita lusiola, kando ya mpaka kwa ajili ya nguzo na mbao. Kwa nafasi ya mita mbili na nusu kila upande, nusu ekari inameza miche kama 320. Mikaratusi hukua haraka na nguzo zake zina soko, sikatai, lakini chini yake hapaoti kitu, na murram tupu iliyofunikwa na majani makavu ya mkaratusi inaendelea kumomonyoka chini kwa chini. Kando ya kisima au chemchemi usiuweke kabisa.

Chimba kila shimo la mche sentimita 60 kwa 60, ujaze udongo mweusi na samadi. Ndiyo, hata miti inahitaji ule udongo, ila kidogo: kama huna wa kufunika nusu ekari, unao wa kujaza mashimo 320.

Kujaza

Hapa nina msimamo, na siufichi. Kujaza kwa takataka ni kosa, hata kama jirani zako wote wanalipa kidogo ili wamwage. Murram huvuja, kila kinachooza humo kinashuka kwenye visima vya watu walio chini yako. Kisumu iliishi miaka mingi na jaa la Kachok katikati ya mji, na kuliondoa kumekuwa kazi ngumu na ya gharama kuliko kulianzisha. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 pia haimruhusu mwenye shamba kujifungulia jaa lake. Ukishaanza, shamba lako ndilo litakalojulikana kwa jina hilo.

Kujaza kwa udongo safi na vifusi vya ujenzi visivyo na mabati, plastiki wala asbesto ni jambo tofauti. Lakini shimo zima la nusu ekari, kina mita nne, ni mita za ujazo zaidi ya 8,000. Kwa wengi haiwezekani, labda pawe na barabara inayochimbwa karibu na mkandarasi anatafuta pa kumwaga udongo usiofaa. Akija, afadhali umwambie amwage kando ya ukuta kujenga mteremko, kuliko katikati kutengeneza kilima.

Na wale wanaotaka kujenga: nyumba isikae juu ya kifusi. Kifusi kilichomwagwa bila kushindiliwa huendelea kuketi kwa miaka, na kuta hupasuka. Ukitaka kujenga, shindilia kwa tabaka za sentimita 20 hadi 30 kila moja, au fanya kitu rahisi zaidi: jenga kwenye sakafu ya shimo lenyewe, ambayo haijawahi kuguswa chini yake. Kwa shimo la ubavuni lenye mlango wa maji, sakafu hiyo ni mahali pazuri pa banda la kuku, kinu cha kusaga unga, au karakana ya kutengeneza matofali. Ni ngumu, iko karibu na barabara, na malori tayari yametengeneza njia.

Ukiwa Nakuru, badilisha mpangilio

Niliyoyasema hadi hapa ni ya murram nyekundu. Upande wa Nakuru, kuanzia Gilgil hadi Rongai, changarawe ni ya volkeno: nyepesi, yenye vitundu, na juu yake udongo wa majivu. Ukuta wake husimama vizuri ukiwa mkavu, mtu akadanganyika kuwa ni imara. Ukilowa unashuka wote kwa pamoja. Kwa hiyo kule mteremko haungojwi mwisho. Kila mwezi wa kuchimba ulazwe, na watu wanaochimba kwa mkono chini ya ukuta waondolewe siku ya mvua.

Bwawa kule naliweka mwisho kabisa. Maji huzama, ardhi ya sehemu hizo inajulikana kwa kupasuka baada ya mvua kubwa, na Nakuru mjini iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, baridi ya usiku inachelewesha ngege. Tena watu wa Nakuru hawajasahau Solai, Mei 2018, bwawa lilipopasuka usiku na kuua watu zaidi ya 40. Tofauti ifahamike: lile lilikuwa na ukuta uliozuia maji juu ya makazi, na maji yaliyo chini ya usawa wa ardhi hayawezi kupasuka hivyo. Lakini shimo la ubavuni ambalo mtu ameziba mlango wake kwa tuta la udongo limeshakuwa bwawa la aina ya kwanza, liwe Nakuru au Vihiga. Usizibe mlango huo bila mhandisi na bila kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kule ningeanza na miti na majani, mgunga ukiwemo, kwa sababu udongo ule mwepesi ukishikwa na mizizi ni wenye rutuba kuliko wetu.

Karatasi

Machimbo yanahitaji kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na mpango wa kufunga unapaswa kuwa ndani ya maombi hayo, si barua ya baadaye. Anayechimba kwa ajili ya barabara ya serikali kwa kawaida anadaiwa na mkataba wake kurekebisha shimo aliloacha. Wenye mashamba wengi hawajui, na hawajawahi kumuuliza mhandisi msimamizi wa barabara, ambaye ofisi yake huwa hapo hapo kambini.

Yaandikeni mambo manne kabla lori la kwanza halijaingia, au hata sasa kabla la mwisho halijatoka: umbali wa kuacha kutoka mpakani, mteremko wa tatu kwa moja, udongo mweusi unakaa wapi na unarudi lini, na sehemu ya malipo inayobaki mkononi mwako au mwa mtu mnayemwamini wote mpaka sakafu ipasuliwe. Hilo la nne ndilo linaloyatimiza matatu ya kwanza. Mtie sahihi mbele ya chifu au mzee wa mtaa. Nimeona makubaliano ya mdomo yakidumu mpaka mvua ya kwanza.

Kishimo cha mama

Tulirudi asubuhi ya pili. Mabati yalikuwa na umande. Tulipoyainua, kijiti kilikuwa kimesimama peke yake. Maji hayakuwepo, ila duara la unyevu mwekundu chini na chura mmoja mdogo. Bwawa likatoka kwenye hesabu. Mama hakusikitika sana. "Samaki nitanunua Luanda," akasema.

Upande wa mashariki malori yalikuwa yameshafika mita mbili kutoka ua wa jirani. Pale tutaweka miti, mvinje na kaliandra, kwa mbili kwa moja, baada ya kujaza chini kwa kifusi kitakachopatikana. Pande tatu zilizobaki zina nafasi. Tulichukua kamba ya mkonge, tukapima mita 12 kutoka mpakani kwenda ndani, tukapigilia vigingi na kuvipaka chokaa ili opareta avione akiwa juu ya kiti. Hapo ndipo sakafu itakapoishia, na kutoka hapo anapanda kwa mteremko hadi mpakani. Rundo la udongo mweusi lilikuwa dogo kuliko nilivyotarajia, kama lori 20, kwa hiyo tulikubaliana uende wote sakafuni kwenye mabingobingo, na wa miti tuutoe kwenye boma la ng'ombe.

Jioni opareta wa eskaveta alikuja kuangalia vigingi. Ni kijana, aliuliza ni nani atamlipa saa za kupasua sakafu. Mama alimwonyesha karatasi iliyotiwa sahihi, mstari wa nne. Kijana akaisoma mara mbili, akaenda kuangalia kama jino la nyuma la tingatinga la kambini bado lina ncha.